Senga Aliyeachwa Kilimani

Mafabi alipanga chumba kwangu Nalufenya, hapa Jinja, na mimi Fatumah sijawahi kuona mtu anayependa baiskeli yake namna ile. Alikuwa wa bodaboda, enzi hizo bodaboda bado ni baiskeli, na kila alipokwenda Mbale kumsalimia mama yake alirudi na pambo jipya. Vioo vinne, halafu sita. Maua ya plastiki. Redio ndogo akaifunga kwenye usukani, ikawa inampigia kelele chini ya kidevu mchana kutwa.

"Mafabi," nikamwambia, "barabara utaionea wapi?"

"Mama, hivi vioo vinaona kila kitu."

Haya. Si baiskeli yangu.

Akampenda Juliet, binti wa Mzee Geresom wa Budondo, na siku ya kujitambulisha ukweni ikapangwa. Kwa Wasoga, siku hiyo bila senga, yaani shangazi wa binti, hakuna linaloendelea. Yeye ndiye anayemshika kijana mkono mbele za watu na kusema, ni huyu. Senga Topista aliishi Jinja mjini, na Mzee Geresom, mjanja yule, akaagiza Mafabi amlete mwenyewe. Alitaka kuona anavyobeba vya watu.

Mimi nilitangulia na wageni wetu. Mafabi akafuata na senga, redio inatangaza mpira, vioo vinameremeta, na kichwani anakariri salamu za Kisoga alizojifunza wiki ile, maana yeye ni Mgisu.

Sasa, kila mtu wa Jinja anajua: kwenye kilima abiria anashuka anatembea, mwenye baiskeli anasukuma, wakifika juu wanapanda tena. Senga akashuka. Mafabi akasukuma, akafika juu, akapanda, akaenda zake. Senga yuko katikati ya kilima, kashika gomesi lake, lile gauni refu la sherehe, kwa mikono miwili. Utaniuliza, uzito je, hakuusikia? Mteremko ule, ndugu yangu, hata mimi ningejiona mwepesi.

Akaingia uani kengele zinalia, bado anaongea. "Na Juliet, senga, nitamtunza. Macho yangu hayatamwacha hata dakika."

"Unaongea na nani?" Mzee Geresom akauliza.

"Na senga. Yuko hapa nyuma, mzee."

Nilitamani ardhi inimeze. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini Mzee Geresom aliwaita wanawe waanze kuondoa viti. Juliet alikuwa dirishani analia. Mafabi akageuka, akaona kiti cha abiria kitupu, na salamu zote zikamtoka kichwani.

Senga akafika baadaye, kapakiwa na muuza makaa, jasho linamtiririka. Hakusalimia mtu. Alikwenda kuizima ile redio kwanza.

"Nimekuita mpaka koo linauma," alisema. "Vioo sita, na mwili wangu huu hukuuona?"

 Mafabi alitoa spana, akaanza kuvifungua vioo mbele ya wageni. Senga akamtazama mpaka cha mwisho. Kisha akamshika mkono.

"Ni huyu," akasema.

Juliet ndiye aliyenisimulia mengine. Walipooana, kila wakifika juu ya kilima kile Mafabi alikuwa anauliza, "Umepanda?" Siku moja Juliet akaamua kumchokoza, akapanda na kukaa kimya. Mafabi akabaki kasimama pale juani, hakanyagi pedali na hathubutu kugeuka asije akaona kiti kitupu tena, mpaka Juliet akamwonea huruma akasema, "Nipo."