Fundi wa Rumonge aliyefuta sauti ya marehemu

Asubuhi sokoni Rumonge, Salmin Hamissi anafungua boksi la redio mpya mbele ya mteja. Ni redio ya kaseti, yenye mkono wa kubebea na antena ndefu, sura ileile ya zile zilizobebwa begani zamani. Lakini hii ina tundu la flashi ubavuni, na inapokea muziki wa simu bila waya.

Mteja ni Bakari, muuza ndagala, dagaa wa ziwani. Ameshatoa pesa, ila Salmin hazipokei.

"Ngoja kwanza. Kitufe chekundu kinaandika juu ya kaseti. Hiki cheusi kinachukua sauti ya kaseti, kinaipeleka kwenye flashi. Rudia."

"Fundi, mimi nimekuja kununua redio, sikuja kufanya egzame."

"Rudia."

Bakari anarudia huku akicheka. "Zamani ulikuwa unauza tu. Iko nini siku hizi?"

Salmin anapokea pesa, anamfungia redio, kisha anakaa kwenye kigoda na kutazama njia.

Chini ya meza yake, ndani ya kitambaa cheupe, ipo kaseti ya mwanamke anayeitwa Radhia. Ndani yake kulikuwa na sauti ya mama yake marehemu. Salmin ameifuta. Kwenye simu alimwambia Radhia kwamba imeliwa na ukungu.

"Leo anakuja kuichukua," anasema kwa sauti ya chini. "Kwa simu uongo ulitoka wenyewe. Mbele ya macho yake, sijui."

Salmin ana miaka hamsini na mbili, na tangu ujana hajafanya kazi nyingine. Redio hizi mpya zimemrudisha kazini baada ya simu kumnyang'anya wateja. Moja huiuza franga laki tatu, na faida yake haifiki elfu thelathini. Kinachomlisha hasa ni kuhamisha kaseti za watu: harusi, mawaidha, na zaidi ya yote, barua za sauti.

Wenyeji wa mwambao huu wanazijua. Miaka ya vita, waliokimbilia Kigoma na waliobaki Rumonge waliandikiana kwa kaseti. Wengi hawakuwa na kalamu nyepesi, lakini nani alikosa ulimi? Upande mmoja ulikuwa wa swali, wa pili wa jibu, na kaseti ilisafiri ziwani mikononi mwa wafanyabiashara. Ikirudi, walizungumza tena juu ya maneno ya zamani, maana kaseti mpya zilikuwa ghali.

Aliyetaka kuhifadhi maneno yasifutwe alivunja kijino cha plastiki mgongoni mwa kaseti. Kijino kikivunjika, kitufe chekundu hakishuki. Na aliyebadili mawazo alisokota karatasi, akaziba tundu, kitufe kikashuka. Salmin alifanya hivyo kwa kaseti za nusu ya mji.

Mama yake Radhia alifia Kigoma. Kaseti yake ya mwisho ilipofika, bibi aliyewalea watoto alikivunja kijino cha upande wa mama kwa kisu cha jikoni. Baadaye redio ya nyumbani ikafa, na kwa miaka mingi hapakuwa na chombo cha kuisikilizia. Radhia alipoiona redio ya Salmin sokoni, alikimbia nyumbani kuileta. Kaka yake, Karimu wa Minago, alikwisha kuwaalika ndugu kwenye hitima ya mama yao Jumamosi hii. Walitaka sauti yake isikike baada ya dua.

Salmin aliitia kaseti, akachomeka flashi, na kwa mazoea akabonyeza kitufe chekundu badala ya cheusi. Kilikataa.

"Mashine ilinikatalia, na mimi nikaishinda," anasema. "Mkono haukuniuliza. Ulichukua karatasi, ukasokota, ukaziba. Kitufe kikashuka, nikafurahi kama fundi. Nikaiacha izunguke, nikageukia wateja."

Alipoisikiliza, alisikia soko lake mwenyewe. Alijisikia akibishana bei ya betri, kisha akicheka.

Radhia anafika kabla ya adhuhuri, amejifunga kanga ya kijani. Anaweka mezani chupa ya mawese.

"Amahoro, Fundi. Hii ni ya shamba letu. Umehangaika na kaseti yetu, hata kama ukungu ulikutangulia."

Salmin anaitazama chupa. Haigusi.

"Rudisha mawese yako, dada."

"Kwa nini? Ni kidogo?"

"Haikuwa ukungu. Ni mimi niliyefuta. Nilibonyeza pasipo pake. Kisha nikakudanganya."

Kwenye meza ya jirani, muuza betri anaacha kuhesabu. Radhia anavuta kigoda na kukaa.

"Yote?"

"Upande wote wa mama."

"Weka nisikie."

"Dada, usijitie—"

"Nimesema weka."

Anaweka. Soko linasikika ndani ya soko. Kicheko cha Salmin kinatoka kwenye spika mbili, kipana, cha mtu asiye na shida, na Salmin mwenyewe amejiziba uso kwa viganja. Radhia anasikiliza mpaka kaseti inakatika. Kisha anaigeuza mwenyewe.

Upande wa pili haukuguswa. Watoto wawili wanasukumana karibu na kinasa sauti. Wa kike anasema yeye ni Radhia, kaka amemnyima zamu, bibi hajambo. Kisha wa kiume anauliza: "Mama, unakuja lini?" Kaseti inakwaruza, inanyamaza.

"Jibu lake nalikumbuka nusu," Radhia anasema. "Nusu nyingine ndiyo niliyokuja kuitafuta."

"Nisamehe."

"Usiniombe leo. Leo sina." Anaichomoa kaseti, anaifunga kwenye kitambaa. "Na Karimu bado hajui hata habari ya ukungu. Mimi simwambii. Ameshawaambia watu watasikia mama. Utakwenda mwenyewe, umwambie kama ulivyoniambia."

Anaondoka. Chupa ya mawese ameiacha, na haijulikani kama ni kwa kusahau. Muuza betri anajaribu kumtania jirani yake: "Bora ungeshikilia ukungu, ndugu yangu." Hakuna anayecheka.

Alipoulizwa kama jina lake lifichwe gazetini, Salmin alitikisa kichwa. "Andika lote. Kuna watu wengine wana kaseti kwangu. Wajue, waamue kama wataziacha."

Jumamosi atakwenda Minago. Siku hizi mafuta ni adimu na pikipiki hazitembei, kwa hiyo amekwisha kuazima baiskeli. Ataondoka mapema awahi kabla ya wageni, amwite Karimu pembeni ya uzio, aseme jina lake kwanza na kosa lake papo hapo, kabla hajakaribishwa kuketi. Redio hataibeba. Anatumaini mazungumzo yatakuwa mafupi.

"Akinifukuza, nitashukuru," anasema. "Ninachoogopa ni kwamba ni mtu muungwana. Atasema, 'Umetoka mbali, kaa ule na sisi.' Na chakula hicho ni cha hitima ya mama yake. Sijui nitakimeza vipi."