Paji la Uso la Mama

Harufu ya rangi ya mafuta ikinikuta popote, hata leo, hunirudisha mtaani Jericho, Nairobi, kwenye maduka ya sokoni, miaka ya sabini, wakati mwenye duka la jumla alipotaka picha kubwa ukutani: ya kale na ya kisasa pamoja, ili kila mteja ajione. Mutiso, mchoraji wa mabango, alimwomba mama awe mfano wake. Akamchora na leso yake kiunoni na kiondo mkononi, kisha akamvisha viatu vya visigino virefu ambavyo mama hakuwahi kuvimiliki.

Baba hakuulizwa. Alikuwa safarini Mombasa na lori, na hasira zake mtaa mzima ulizijua. Majirani walinong'ona kwamba bibi ya mtu hawekwi mahali walevi wanapoegemea. Watoto wenzangu ndio walionimaliza: "Ngoja budako arudi! Hiyo ukuta ataiangusha!" Nami niliamini. Kila lori lililonguruma barabarani liliniachisha uji.

Alirudi Jumamosi, soko limefurika na Mutiso akimalizia picha, akaenda moja kwa moja ukutani na mfuko wake mkononi. Nilikuwa pale kando ya mama, nikaishika leso yake kwa nguvu. Baba aliitazama picha toka viatuni hadi usoni.

"Mutiso, huyu si bibi yangu. Ile alama iko wapi?"

Tangu utotoni kwao Machakos, mama alibeba maji na kuni mgongoni, mkanda ukipita kwenye paji la uso, hata ukamchimbia mfereji. Nairobi aliuficha kwa kitambaa. Mutiso alikuwa amempa paji laini.

"Ichore," baba alisema. "Hiyo ndiyo heshima yake. Ama ufute yote."

Mutiso alichovya brashi. Mama, ambaye hakuwahi kumjibu baba mbele za watu, akasogea mbele nikiwa bado nimeng'ang'ania leso.

"Baba Mwende, huo mzigo niliubeba mimi. Hapo nimeutua."

Baba alimtazama yeye, akautazama ukuta, kisha akahamisha mfuko mkono wa pili. "Twendeni nyumbani," akasema. "Nina njaa." Mutiso akaifuta brashi, paji likabaki laini.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hata anayekupenda hausikii uzito wake. Siku hizi ukuta ule umefunikwa na matangazo ya simu, na wasichana hupita pale na mikoba ya begani, mapaji yao laini bila kujua ni bahati. Picha pekee ya mama niliyo nayo ni ya kitambulisho, aliyopigwa baada ya kuamriwa avue kitambaa, na mfereji unaonekana wazi. Wajukuu wake wakitaka kumwona bibi yao, siitoi. Nawapeleka Jericho, nawasimamisha mbele ya matangazo yale, nawaambia yuko hapo chini, na viatu vyake.