Miti Mitano Nyuma ya Kanisa

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu kule Lubero, mwanangu, nilipochukua panga nikidhani namtumikia Mungu. Kesho unaondoka hapa Bungulu kwenda Mangina. Umemaliza shule ya Biblia, na barua ya kutumwa iko mfukoni. Kabla mama yako hajamaliza kukufungia mizigo, kaa kidogo nikueleze kosa langu. Walimu wako hawalijui, na wangelijua wasingenialika tena kuhubiri.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilitoka Butembo na viatu vipya na Kifaransa kingi, nikatumwa kuwa mwinjilisti kwenye kanisa dogo la udongo juu ya kilima, chini ya mchungaji mmoja mzee aliyeitwa Pasta Yosia. Huyo alitembelea waumini wake kwa miguu, kilima kwa kilima, na kofia moja ambayo hata mvua ilikuwa imechoka kuinyeshea. Siku ya tatu tangu nifike, alikwenda mbali kuombea wagonjwa, akaniachia kanisa.

Nyuma ya kanisa palikuwa na miti mitano, ile myembamba yenye majani marefu tunayopanda kwenye mipaka ya mashamba. Chini yake palifagiliwa safi, na asubuhi hiyo niliona mama mmoja mzee amesimama pale kimya. Nikajiambia, haya ndiyo mambo ya mizimu tuliyoonywa shuleni! Kijana mmoja wa kwaya aliniona na panga, akasema, "Evanjeliste, tungojee kwanza Pasta arudie." Nikamfunga mdomo kwa aya mbili. Penye wazee haliharibiki neno, lakini siku ile mzee alikuwa mbali, na mimi nilijiona mzee tosha. Kabla ya saa sita miti yote mitano ilikuwa chini, nami natokwa jasho na furaha.

Pasta alirudi jua likishuka. Hakupiga kelele. Alivua kofia, akapita polepole kutoka kisiki hadi kisiki, akiweka mkono juu ya kila kimoja na kutaja jina la mtu. Ndipo nikaelewa. Waliolala pale walikuwa wahubiri wa kwanza wa kilima kile na wake zao, waliofika kwa miguu, wakajenga kanisa kwa mikono yao, wakafia hapo hapo. Saruji haikuwepo wala jiwe la kuandika, basi kila kaburi lilipandiwa mti. Kwenye kisiki cha tano alipiga magoti.

"Na huyu," akasema, "njo mama ya batoto yangu."

Kumbe alikuwa mkewe! Nilitamani ardhi inimeze. Udongo wa makaburi yale ulikuwa umesawazika zamani. Bila miti, siku Pasta mwenyewe atakapofumba macho, nani angejua nani amelala wapi?

Kesho yake wazee wa kanisa walikusanyika. "Huyu arudie ku Butembo leo leo!" alisema mmoja, na wengine wakaitikia. Sikuwalaumu, sanduku langu nilikuwa nimeshalifunga. Pasta akawaacha waseme hadi wachoke, kisha akauliza, "Lakini kama tunamufukuza, nani atapanda?"

Wazee wakakubali nibaki nipande. Mwanangu, nimeingia makanisa makubwa ya matofali, nimesikia kwaya zinazotetemesha mabati, lakini hofu takatifu iliyonishika siku ile sijaipata tena popote. Mtu niliyemkatia mti wa mkewe alikuwa ananitetea mbele ya watu.

Miti ile ina neema yake: ukichomeka kipande chake ardhini, huota. Tulipanda mimi na Pasta, naye akinipa majina. Huyu alivuka mto na Biblia kichwani. Yule alijifungua safarini, na baada ya siku mbili akaendelea kutembea. Kiangazi chote nilipanda mlima kutoka kijitoni na ndoo ya maji, wasichana wakinicheka vya kutosha, nikitaja jina kila ninapomwaga. Vipande vinne vikachipua. Cha tano, cha mke wa Pasta, kikaoza. Nikachomeka kingine, nacho kikaoza. Kila asubuhi Pasta alipita kutazama, nami nikawa najificha jikoni.

Mvua zilipoanza, kipande cha tatu nilichochomeka pale pale kilitoa jani moja. Nilikimbia kumwita. Akaja, akavua ile kofia katikati ya mvua, akasema, "Aksanti, mutoto wangu." Nililia mbele yake bila aibu.

Miaka mingi baadaye nilimzika pale mimi mwenyewe. Mti wa sita ni wake.

Sasa shika shauri langu. Mangina ilizika wengi wakati ule wa Ebola, wengine kwa haraka, jamaa wakisimama mbali wasiguse. Utakuta mahali usipopaelewa: kichaka kisichokatwa, jiwe kando ya njia, mama anayesimama kimya. Usiguse kabla hujauliza, maana kuuliza si ujinga. Keti na wenyeji, kula sombe yao ya majani ya muhogo, waache wakutajie watu wao. Imani haikuanza siku uliyopewa barua. Uliikuta, na walioileta wamelala chini ya miguu yako. Na utakapokosea, kwa maana utakosea tu, usifunge sanduku. Chukua ndoo.

Nenda, mwanangu. Mungu wa wale waliokuja kwa miguu akulinde barabarani, akurudishe mzima kwa mama yako. Akupe mzee wa kukuvumilia kama alivyonipa mimi. Na siku watakapokupandia mti wako, asikosekane mtu wa kutaja jina lako.