Kitabu cha Mwenye Karanga

Iko asubuhi moja ya Kabambare ambayo bado naiona mbele yangu: mkeka umetandikwa uani, kapu la karanga limejaa, kiti cha msomaji kimewekwa kivulini, na hakuna mtu. Andika hivyo, Neema. Usiandike kwamba watu walikuwa wachache. Andika: hakuna mtu.

Nasema nawe, mjukuu wangu, kwa kuwa ndiwe mwenye kalamu, lakini nasema pia na kila kijana atakayesomewa maneno haya. Mimi sikukaa darasani hata mara moja. Herufi naziona kama nyayo za kuku kwenye majivu. Hata hivyo, vitabu nimevisikia, na vya namna nyingi. Nataka kukueleza nilivyovipata, kwa sababu naona unavyoishi tangu mvua zilipokatika, na ninachokiona hakinipendezi.

Nilizaliwa upande huu wa Kasongo, karibu na mto, nikaolewa Kabambare nikiwa bado binti. Huko watu walizungumza Kibangubangu, lugha nisiyoijua. Kiswahili walizungumza nami kwa adabu, kama wanavyozungumza na mgeni ambaye hawajui ataondoka lini. Babu yako alinikalisha kwa mama yake, kisha akaenda kwenye machimbo ya dhahabu. Alisema atarudi kabla ya mtoto kuzaliwa. Baba yako akazaliwa, akajifunza kukaa, akatambaa, na kila pikipiki iliyopita njiani ilipita tu.

Sasa sikiliza habari ya karanga, maana bila hiyo hutaelewa lolote. Karanga za kula unaweza kuzimenya ovyo. Karanga za mbegu humenywa kwa vidole, moja moja, taratibu, ili ngozi yake nyekundu isichubuke. Iliyochubuka huoza udongoni. Kazi hiyo huumiza kucha, na mtu mmoja hawezi kuimaliza kabla ya mvua. Kwa hiyo wanawake wa mtaa wetu walizunguka ua kwa ua: leo kwangu, kesho kwako. Na ili kazi isichoshe, walimwita Mama Feza, mke wa mwalimu, aliyekuwa na sanduku la vitabu. Mama Feza hakumenya. Alipewa kiti, akasoma kwa sauti, na sehemu yake ikamenywa na wenzake. Sheria ilikuwa hii: mwenye karanga za siku hiyo ndiye anayechagua kitabu.

Waliponiona mimi, mgeni mwenye mtoto mgongoni na mume asiyeonekana, walinihurumia. Mwenye zamu akawa anasema, “Mumuachie huyu mugeni achague.” Nami nikachagua kile kilichokuwa kikipendwa na mji wote siku zile, hata jalada lake lilikuwa limelainika kama kitambaa kwa kushikwa. Kilisimulia habari za mwanamke aliyekaa dirishani akimngoja mume aliyesafiri. Nilikisikiliza nikasahau kumenya. Nilidhani mtu fulani alikuwa amepita uani kwetu, akanitazama, akaenda kuandika.

Siku iliyofuata nikakiomba tena. Na tena. Kila ua tulioingia, nilikitaja kile kile, nao kwa huruma wakanikubalia. Mama Sifa, jirani yetu mwenye maneno mengi, ndiye wa kwanza kuchoka.

“Leo tena ule muke ya dirisha?” akasema. “Huyu mama haiko na shamba? Nani anamupikia? Miye nikikaa dirishani siku moja tu, mbuzi watakula majani yote ya sombe!”

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Niliinamisha kichwa, na Mama Feza, kwa kuniona hivyo, akafungua kitabu kile kile.

Hakuna aliyenigombeza, mwanangu. Ingekuwa nafuu. Walianza tu kuwa na shughuli. Huyu mtoto wake ana homa. Yule mihogo yake iko majini na haiwezi kungoja. Baadaye nikasikia vicheko upande wa pili wa ukuta wa matete, nikajua kwamba wanamenya huko, bila kuniita. Na ilipofika zamu yangu, asubuhi ile niliyokutajia, alikuja Mama Feza peke yake. Alisimama mlangoni pa ua, akatazama mkeka mtupu, hakukaa.

“Mama,” akaniambia, “miye iko na sauti tu. Vidole vyao siwezi kukuletea.”

Akaenda zake. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa milima. Kapu la mbegu lilikuwa limejaa, na hiyo ndiyo mbegu yote ya nyumba yetu. Isipoingia udongoni kwa mvua za kwanza, mimi, mtoto wangu na mama mkwe wangu tungekula nini mwaka ule? Nilikaa nikaanza kumenya peke yangu, kwa haraka, nikaona ngozi nyekundu zinachubuka vidoleni mwangu, moja baada ya nyingine.

Mama mkwe wangu akatoka ndani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na uso wake haukuwa wa kucheka. Alisimama mbele yangu akanishika mkono.

“Wacha. Unaharibu mbegu.”

Nikaacha.

“Mutoto wangu ameenda,” akasema. “Unazani ni weye tu unamungoja? Ni miye nilimuzaa.”

Tangu mwanawe aondoke, sikuwa nimewahi kumfikiria kama mtu anayengoja.

“Umekalisha mutaa muzima dirishani pako,” akaendelea. “Kila mama iko na kinachomuuma, iko na kinachomuchekesha. Uliwahi kuwauliza?”

“Hapana, mama.”

“Basi beba mukeka. Nenda kwao. Menya zao, sikiliza vitabu vyao. Na mudomo ufunge.”

Nilibeba mkeka. Ua wa kwanza ulikuwa wa Mama Sifa, na hakuna aliyenikaribisha. Walisogea tu kidogo, kama watu wanaosogea kwenye benchi kanisani. Mama Sifa alipenda vitabu vya upelelezi. Tajiri mmoja alikuwa ameuawa chumbani kwake, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mwanzoni nilisikiliza kwa utii tu. Lakini kabla kapu halijafika nusu nilikuwa nimeanza kumshuku huyu, nikamwacha, nikamshuku yule. Mama Sifa hakuwa na shaka yoyote.

“Ni shemeji!” akasema akijipiga paja. “Shemeji asiyekuwa na kazi, anashinda kwa kaka yake kila siku, anakula nyama, anauliza habari ya funguo! Mufunge yeye, tuende nyumbani.”

“Weye unamuchukia shemeji yako mwenyewe,” mwingine akamwambia.

“Na huyo pia mumufunge!”

Nilijikuta ninacheka. Nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko changu ilivyo.

Kwa Mama Asha, mkunga, tulisomewa kitabu cha mwili wa mwanamke na malezi ya mtoto mchanga. Mwanamume alipopita njiani, Mama Feza alikifunika kwa kanga na kuanza kukariri zaburi, na sisi sote tukaitikia amina kwa sauti kubwa mno. Katika kitabu hicho nilijifunza kwa nini mwanangu alilia usiku, jambo ambalo machozi yote ya yule mke wa dirishani hayakuwa yamenifundisha.

Kwa mama mmoja mzee, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, tulisomewa kitabu cha habari za kale: safari, masoko, watu waliopita na mizigo yao. Nilidhani kitanichosha. Nilikuwa nimeinama kwenye karanga wakati Mama Feza alipotamka jina la Lualaba, mto wa kwetu, kisha Nyangwe, na mitumbwi, na wanawake wanaouza samaki ukingoni. Mikono yangu ilisimama. Neema, mimi nilikuwa nimesafiri mbali na mto huo, nikiamini kwamba Kabambare hakuna anayeujua. Kumbe ulikuwa ndani ya sanduku lile siku zote, katika kitabu ambacho nisingekiomba kamwe. Yule mama mzee alisikia kwamba nimeacha kumenya, akaniuliza, “Ni kwenu huko?” Nikajibu kwamba ni kwetu. Akaniambia, “Basi tuambie samaki wake wanakuwa namuna gani.” Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu wa Kabambare kuniuliza jambo.

Kisha zamu ikarudi kwenye nyumba yetu, na aliyechagua akawa mama mkwe wangu. Nilijua atachagua kitabu kizito, cha dini au cha maombolezo. Akamwambia Mama Feza, “Kile cha mujinga.” Kilikuwa kitabu cha vichekesho, habari za mtu mmoja anayetumwa na kukosea kila anapotumwa. Wote walionekana kukijua, maana walianza kutabasamu kabla hakijafunguliwa. Na mama mkwe wangu, yule ambaye uso wake haukuwa wa kucheka, alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake, na alipomaliza kujifuta akajifuta tena. Nilimtazama. Hapo ndipo nilipojua jinsi alivyokuwa akimngoja mwanawe.

Zamu yetu iliporudi tena, ya kumaliza kapu, mkeka ulijaa. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya paa. Mama Feza akanigeukia, kwa kuwa safari hii mama mkwe wangu alinipa mimi nafasi ya mwenye karanga, na wote wakanitazama. Nilijua wanachokisubiri. Nilikitaka pia, sitadanganya. Nikasema, “Tumalize kwanza habari ya tajiri aliyeuawa. Mama Sifa halali.”

Tulimaliza kitabu na kapu siku ile ile. Muuaji alikuwa mpishi. Mama Sifa alikataa katakata. Alisema mwandishi amehongwa na shemeji. Mbegu ikaingia udongoni, na mvua ikaikuta humo.

Usidhani kwamba vitabu vilimrudisha babu yako. Hakurudi. Mwalimu alihamishwa, Mama Feza akaenda na sanduku lake. Vita vikaja, vikatutawanya, nami nikarudi Kasongo na baba yako. Mama mkwe wangu tulimzika njiani. Mama Sifa sijui alilala wapi. Nyumba hii imekuwa kimya muda mrefu, na zipo asubuhi nyingine ambazo natandika mkeka kwa mazoea tu, kisha naukunja.

Sasa nageuka kwako. Usiache kuandika.

Kijana unayempenda ameenda machimboni, na simu yake haipatikani. Hukuniambia, nimeona. Tangu hapo unasoma kitabu kimoja, kile chenye msichana na waridi kwenye jalada. Herufi sizijui, lakini jalada nalijua. Ninapokuomba unisomee, unanisomea hicho hicho, na unapofika mahali fulani sauti yako inabadilika, kisha unaingia chumbani na kufunga mlango. Wanawake wa ua huu walikuwa wakija kukusalimu. Siku hizi wanapita nje. Hawajakuchukia. Wana shughuli tu.

Sikukatazi kungoja. Mimi nimengoja maisha yangu yote, sina haki ya kumkataza mtu. Wala sikukatazi kitabu chako. Kila mtu anahitaji kimoja kinachojua jina la maumivu yake. Ninachokukataza ni kukaa ndani yake na kufunga mlango. Kitabu kinachokupendeza wewe peke yako kitakufariji, lakini hakitakuja kukumenyea karanga. Ukitaka kujua vitabu vizuri, usitazame jalada tu wala usifuate kile ambacho mji wote unakitaja. Muulize jirani anapenda nini, kisha ukisikilize chake mpaka mwisho, hata kama si cha namna yako. Muulize anayependa upelelezi, na anayependa habari za kale, na anayependa kujifunza dawa, na yule anayetaka kucheka tu. Huyo wa kucheka usimdharau, hujui anachokificha. Chako utakikuta huko huko, mahali ambapo hukukitafuta.

Kwa hiyo, kesho utafanya hivi. Asubuhi utapita ua kwa ua, ubishe hodi, uwaulize akina mama wanataka kusikia nini. Kisha utakwenda sokoni, kwa yule mzee anayepanga vitabu juu ya gunia karibu na wenye pikipiki, uvitafute walivyovitaja. Asipokuwa navyo, uwaulize wenye pikipiki. Wao hufika Kindu na Kabambare, na wengine husoma wakingoja abiria. Mawingu yameanza kujikusanya, na kapu letu la mbegu limejaa. Kiti nitakitoa mimi mwenyewe.

Wewe hutamenya. Utakaa kivulini, usome kwa sauti, na sehemu yako nitaimenya mimi kwa vidole hivi.

Mungu akulindie macho yako na sauti yako, Neema. Akurudishie unayemngoja, na kama hatamrudisha, akujazie ua. Mlango wako usikose mtu wa kubisha hodi. Mbegu yako iwahi mvua. Amina.

Sasa funga kalamu, ufungue huo mlango.