Mwalimu Aliyekataliwa kwa Wembamba

Mwalimu Kagaruki alizaliwa mwembamba, na hilo nitalisema mpaka nami nizikwe. Hakuwa mgonjwa. Ni miguu yake tu ilikuwa haijui kutulia. Kila asubuhi shuleni kwetu Ijumbi aliongoza mchakamchaka, filimbi shingoni, sisi watoto nyuma yake tukiimba mpaka barabara kuu na kurudi. Jioni netiboli kwa wasichana, mpira kwa wavulana. Ukizembea anakutania: "Wewe, leo umemeza jiwe la kusagia?" Tunacheka, tunaongeza mbio.

Mwaka themanini na saba misiba ilikuwa haikatiki. Leo mnazika huku, kesho mnaitwa kule, na karibu wote walianza kwa kukonda. Basi watu wakauogopa wembamba kuliko nyoka. Ukipungua kidogo tu, majirani wananong'ona. Akina mama wakawa wanawashindilia watoto ndizi mradi mashavu yaonekane.

Darasani Mwalimu alisema waziwazi: "UKIMWI hautambuliki kwa kumtazama mtu. Mnene anaweza kuwa nao, mwembamba akawa hana. Na mazoezi yanawapa nguvu, hayawapi ugonjwa." Nani alimsikiliza? Kamati ya shule ilikutana, na mwenyekiti, mzee tuliyemwita Ta Rugambwa, akasimama. "Mwalimu, watoto wetu unawakondesha," alisema. "Watu watadhani nyumba zetu zimekwisha." Mchakamchaka ukafutwa, mipira ikafungiwa stoo. Tukawa tunafika shuleni, tunafagia, tunakaa. Upuuzi mtupu!

La shule niliweza kulivumilia. Linalonichoma hadi leo ni la dada yangu, Kokubanza. Yeye na Mwalimu walipendana, kijiji kizima kilijua. Mwalimu akaleta mshenga na rubisi, pombe yetu ya ndizi, kama desturi inavyotaka. Mae, ndivyo tulivyomwita mama yetu, alimkaribisha mshenga, akamlisha, kisha akasema: "Waitu, ndugu yangu, kijana ana adabu, sikatai. Lakini mifupa yake naihesabu kwa macho. Siwezi kumpa mwanangu mume wa kuzika mwakani."

"Mae, yule anakimbia tu!" nikaropoka.

"Kemilembe, nyamaza! Mtu mwenye afya anaonekana."

Basi, ikaisha hivyo. Mshenga akaaga, na Kokubanza akalia chumbani mpaka sauti ikamkauka. Mae naye hakuwa mkatili. Alikuwa ameshazika wadogo zake wawili, na hofu ilimjaa mpaka ikamziba masikio.

Haukupita muda akaja Mayenga, mfanyabiashara wa samaki kutoka kisiwa cha Goziba. Shingo nene, kitambi mbele, kicheko cha kujaza nyumba. Mae alimtazama akashusha pumzi. "Huyu sasa ndiye mzima," alisema, na usiku huo akapata usingizi. Mayenga hakuwa mtu mbaya, sitamsingizia. Alimpenda dada yangu, na sidhani alijua alichokuwa nacho mwilini. Wakafunga ndoa kanisani, na dada akapanda boti kwenda Goziba na masanduku yake.

Mayenga alianza kupungua baada ya miaka michache, akafa. Dada akarudishwa kwetu. Nilishuka ziwani kumpokea, boti ikafika, watu wakateremka, nami nikawa bado namtafuta wakati amesimama mbele yangu. Mungu wangu! Nilitaka kupiga kelele, nikajibana.

Mwalimu alikuja kumwona kila Jumapili baada ya ibada. Alimletea maziwa, wakazungumzia netiboli za zamani, dada akacheka hata pale kucheka kulipomchosha. Mwalimu alikuwa hajaoa. Wala hakumlaumu mtu. Ningekuwa mimi ningetukana ukoo mzima, nikianza na wa kwangu.

Kokubanza tulimzika shambani kwetu, kati ya migomba. Ta Rugambwa alinyanyuka pale msibani, akatangaza kwamba kamati imeamua michezo irudi shuleni na Mwalimu afundishe habari za ugonjwa bila kuzuiwa. Watu wakaitikia kwa vichwa. Niliumia sana. Kwa nini hawakuyasema hayo mapema?

Watu walipoanza kutawanyika Mwalimu akaenda kumpa Mae pole. Mae alimtazama.

"Mkwe wangu," alimwita, mbele ya wote. "Mkwe wangu, nisamehe."

Mwalimu akapiga magoti.

"Nimekusamehe, Mae," alisema. "Ila ungeniita hivyo Koku akiwa anasikia."