Mama Alivyogeuka Kituo cha Bajaji

Mama yangu ni kituo cha bajaji. Ukishuka stendi mpya ya Bariadi ukamwambia dereva akupeleke kwa Mkali, hatakuuliza Mkali ni nani wala ana ukali gani. Atakuuliza kama una mzigo. Huyo Mkali ndiye aliyenizaa: mwenyekiti wa jumuiya kanisani, mkulima wa pamba aliyestaafu kwa sababu ya magoti, na mwanamke ambaye hadi leo anakula akiwa ameipa televisheni mgongo, kwa madai kwamba watangazaji wanamtazama mno.

Nitaeleza ilivyokuwa, maana yeye akieleza huwa anajipunguzia makosa.

Mji wetu ulikua kama anavyokua kijana anayebalehe, miguu kwanza. Zamani stendi ilikuwa katikati, ukishuka kwenye basi unakanyaga soko. Kisha wakubwa wakaamua kwamba mji wenye heshima hauweki stendi mahali ambapo watu wapo, wakaipeleka nje, mahali ambapo watu watakuja baadaye. Ndugu zetu wa Malampaka, ambao wana stesheni ya treni na hawachoki kutukumbusha, walicheka hadi wakaishiwa pumzi. Walisema sisi ndio watu pekee wanaosafiri ili wafike kwenye safari. Na ilikuwa kweli.

Stendi ilipohama ikabidi barabara iifuate, na barabara hiyo ilipita mbele ya geti letu. Ikawekwa lami. Wataalamu waliotoka mikoani walidhani lami imeletwa kwa ajili ya magari. Akina mama wa mtaa wetu waliitazama, wakaigusa kwa kiganja saa sita mchana, wakaona kwamba serikali hatimaye imewaletea mahali pa kuanikia michembe.

Kwa asiyejua, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba na kukaushwa juani, ili miezi ya njaa iwakute watu na kitu cha kupika. Ukianika kwenye udongo inakula mchanga, ukianika juu ya mwamba kuku wanaijua njia. Lami ilikuwa pana, safi, nyeusi na ya moto. Msimu ule wa kwanza, ukingo wa barabara yetu ulikuwa mweupe kwa michembe kutoka kwenye geti letu hadi kule kwenye mashine ya kukoboa. Mama, kwa kuwa ni mwenyekiti, alichukua nafasi zaidi ya ukingo.

Nilikuwa nyumbani likizo siku bajaji ilipopita juu ya michembe yake. Mimi hufundisha shule kule Lagangabilili, na likizo zangu huwa nakuja kuzimalizia kwa kutumwa dukani. Nilikuwa kibarazani nikachungulia. Mama hakupiga kelele. Alitembea hadi kwenye ile bajaji, ambayo dereva alikuwa ameipunguzia mwendo ili aombe msamaha, akaingiza mkono, akachomoa ufunguo na kuutia kifuani ndani ya blauzi, mahali ambapo hakuna mwanaume wa Bariadi mwenye ujasiri wa kuufuata.

"Shuka uanike," akasema.

"Mayu, nina abiria, mama."

"Abiria wana miguu. Shuka."

Abiria wakashuka. Dereva, kijana mwenye misuli na miwani ya jua, alichuchumaa barabarani akaokota kipande kimoja kimoja, na mama akasimama juu yake mikono kiunoni. "Hicho upande huo kimeshakauka. Geuza. Geuza, ng'wanawane, mwanangu wewe, kwenu hamli?" Nyuma yao bajaji nyingine zikaanza kujipanga, kila moja ikishusha watu. Mmoja wa abiria hao akagundua kwamba akikatiza kwenye kichochoro cha ubavuni kwetu anafika hospitali haraka kuliko kuzunguka kwa bajaji. Akawaambia wengine. Hivyo ndivyo vituo vinavyozaliwa hapa kwetu, bila mkutano wala posho ya mtu.

Kesho yake nilisikia kwa masikio yangu mtu akisema, "Nishushe pale kwa yule mama mkali." Wiki chache baadaye lile neno "yule" likaanguka njiani, likabaki "kwa mama mkali." Msimu wa kuuza pamba ulipofika, watu wakiwa na haraka na mifuko ikiwa mizito, neno "mama" nalo likadondoka. Ikabaki "kwa Mkali."

Mwenyewe alikuwa hajui. Nani angemwambia? Alijulia kanisani. Padri mgeni, mtu mpole aliyekuwa ndio kwanza ameletwa, alisoma matangazo kwa sauti nzuri kwamba misa ya jumuiya itafanyika nyumbani kwa mwenyekiti, pale kwa Mkali, wote mnapafahamu. Kanisa zima likaitikia kwa kukohoa. Mama alikuwa benchi la mbele. Nilimwona shingo inavyokuwa ngumu, nikajua leo mchana hatuli.

"Nimezaa," aliniambia tulipofika nyumbani. "Nimelima. Nimelea hadi watoto wa watu. Nimekuwa mkali siku moja tu!"

Nilicheka, na kile kicheko kilinigharimu chakula cha jioni pia. Siku moja tu! Mwanamke aliyewahi kumrudisha mkwe getini kwa sababu viatu vyake vilikuwa na sauti!

Lakini alikuwa ameumia kweli. Alitaka akiondoka duniani watu waseme alikuwa mcha Mungu na mkarimu, na sasa mji mzima ulikuwa umemfupisha. Akaanza vita. Alipendekeza kwa madereva waseme "kwa Mwenyekiti." Alikwenda kwa uongozi wa mtaa kudai kituo kihamishwe. Mwisho akaanza kusimama getini asubuhi, na kila abiria aliyeshuka akitamka jina lile, mama humfuata. "Nani mkali? Mimi na wewe tumegombana lini? Rudia, sema uko wapi!" Mtu unashuka na mgonjwa wako, unafuatwa na bibi mwenye ufagio anayekuhakikishia kwa makelele kwamba yeye si mkali. Jina likazama ndani ya mji kama nguzo ya umeme. Fundi simu akaandika ukutani "Kwa Mkali Simu," duka la dawa nalo likafuata.

Aliyekuja kumwokoa, au hivyo ndivyo alivyodhani, alikuwa kijana wa mipango miji. Alikuwa ametoka Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa kama kimepakwa mafuta.

"Shikamoo mama. Uniwie radhi kwa bughudha hii, naomba, kama hutajali, unipe wasaa kidogo..."

"Marahaba. Ongea, usiimbe."

Akaongea. Barabara ingepanuliwa, mji unakua, magari yanaongezeka, kungekuwa na mitaro mikubwa na vituo vyenye paa. Nyumba yetu ilikuwa ndani ya mchoro. Mwenzake alikuwa ameshika kopo la rangi nyekundu, akijaribu kulificha nyuma ya paja. Mimi nilikaa tayari kumshika mama. Nyumba ile walijenga yeye na marehemu baba, wakafyatua matofali wenyewe, na ukutani sebuleni palikuwa na alama ya kiganja cha baba aliyeegemea plasta kabla haijakauka, mama akamkataza kuifuta. Nilitarajia ufagio.

Mama aliuliza swali moja tu. "Na kituo?"

"Kituo kitasogezwa mbele, mama, pale kwenye sheli. Kitapewa jina rasmi na kibao."

"Kwa hiyo watu wataacha kuniita?"

"Wataacha."

Uso ukamfunguka. Akaagiza chai na ile michembe ikiwa imechemshwa, na kijana wa Tanga alitafuna kwa adabu akiwa hajui anatafuna chanzo cha matatizo yote. Wakati anakula, mwenzake akachora alama ya X ukutani. Mama aliisifia mistari yake, kwamba imenyooka. Nilikasirika siku ile na sifichi. Nilimwambia ametoa nyumba ya baba ili afutiwe jina la utani. Akanijibu kwamba nyumba ingekwenda tu hata angelia, basi bora aende nayo huyo Mkali.

Wakabomoa. Tukajenga kwenye viwanja vipya ng'ambo ya stendi, mahali ambapo watumishi wengi wamepewa maeneo. Nyumba ni nzuri, ina vigae na choo cha ndani ambacho mama anakiheshimu kuliko kukitumia. Majirani ni watu wema kutoka kila kona ya nchi. Huondoka asubuhi, hurudi jioni, hupungia mkono juu ya ukuta huku simu ikiwa sikioni. Mama akitoka akasalimia "Mwadila!" kwa sauti yake ya shambani, wanajibu "Poa, bibi," na geti linafungwa.

Ilimchukua miezi kusema. Tulikuwa tunachambua mchele, akasema bila kuinua kichwa, "Huku hakuna anayenijua hata kwa ubaya."

Sikucheka. Sikuwa nimewahi kumwonea mama yangu huruma kabla ya hapo. Alikuwa hatoi nafasi. Nikamwona jinsi alivyo mdogo kwenye kile kiti kikubwa cha sebuleni, nikashika mchele nikauchambua.

Akakataa kuhamia jumuiya ya huku. Kila Jumapili hupanda bajaji kurudi kwenye jumuiya yake ya zamani, na nikiwepo humsindikiza. Njia ni ileile, ila kwa muda mrefu alikuwa na ujanja wa kutotamka jina. "Nishushe mbele ya lile tuta, kabla ya duka la dawa, usawa wa nguzo." Madereva wapya hawamjui. Mmoja aliwahi kumgeukia akasema, "Aa, bibi unamaanisha kwa Mkali."

"Huyo Mkali ni nani?" mama akauliza, nami nikaanza kutazama nje.

Kijana akapata raha ya kusimulia. Alikuwa mama mmoja wa hatari, bibi, usicheze naye. Alimng'oa dereva meno kwa mwiko. Alimzuia mkubwa mmoja barabarani na msafara wake wote mpaka wakamwanikia viazi. Tingatinga lilipokuja kubomoa lilizimika mara mbili.

"Sasa yuko wapi?"

"Alishakufa. Presha. Walimzika palepale, lami imepita juu."

Nilijiziba mdomo kwa kitambaa. Tuliposhuka mama alitembea hadi mahali palipokuwa na geti, ambapo sasa ni mtaro wa zege wenye chupa za maji ndani yake. Alisimama pale kidogo akiangalia lami. "Mara mbili," akasema. "Lilizimika kweli?" Nikamwambia sijui, sikuwepo. Alionekana kuridhika.

Baada ya hapo kibao kikaja. Kituo chenye paa kilikamilika pale sheli, kikapewa jina la maendeleo ambalo silikumbuki na wewe ungelisahau. Fundi simu akahama, duka la dawa likapakwa rangi na kubadili jina. Madereva wakaambiwa wasishushe watu nje ya vituo. Yale aliyoyapigania yote akawa ameyapata. Kila Jumapili nilimwona anavyochungulia nje ya bajaji tukipita pale, kisha anarudisha kichwa ndani, na kutoka sheli alikuwa akirudi nyuma kwa miguu na yale magoti yake, bila kuniambia kwa nini.

Jumapili iliyopita tulikuwa watatu nyuma: mama, mimi, na mwanamke aliyeshuka basi la Mwanza akiwa na begi, anakwenda hospitali kumwona ndugu. Dereva alikuwa mpya kuliko bajaji yake.

"Bibi unashukia wapi?"

Mama alivuta pumzi. "Nishushe kwa Mkali."

Nilimgeukia. Kwa miaka yote ile sikuwa nimewahi kumsikia akilitamka.

"Siku hizi hatusemi hivyo, bibi," akasema dereva kwa upole. "Pale palishafutwa. Nitakushusha kituoni, pale sheli."

"Nimesema kwa Mkali."

"Bibi, palishakufa."

Tulikuwa tumefika kwenye tuta. Kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka kwenye mistari myeupe ya waenda kwa miguu, kwa utaratibu mzuri kuliko watu, na dereva akasimama kuwapisha. Mama yangu, mwenye magoti ya kutafutiwa dawa kila mwezi, aliinuka, akainama juu ya bega la kijana wa watu, akanyoosha mkono hadi chini ya usukani na kuchomoa ufunguo. Ukaingia kifuani. Bajaji ikanyamaza.

"Shuka," akaniambia.

Nikashuka. Naye akashuka, taratibu, akitanguliza mguu wenye nafuu, akasimama pale palipokuwa na geti lake. Bajaji mbili nyuma yetu zilisimama, moja ikapiga honi. Yule mwanamke wa Mwanza alitoa kichwa nje, akatazama ng'ombe, mtaro, na bibi aliyesimama mikono kiunoni.

"Kaka," akamuuliza dereva, "hapa ni wapi?"

Dereva alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Alimtazama mama kutoka miguuni hadi juu, mdomo wazi.

"Kwa Mkali," akasema.

Mama akaingiza mkono kifuani, akamrudishia ufunguo wake. "Wabeja, ng'wanawane," akamshukuru kwa ile sauti ya kanisani, kisha akamwonyesha mwanamke wa Mwanza kichochoro cha kwenda hospitali.