Tulirudishiwa kodi Changamwe, shemeji yangu akarudishwa Likoni

Wakuu, salaam aleikum. Nimesoma mabishano yenu kuhusu tax rebate, yaani mfanyabiashara kurudishiwa kodi, kama kweli inafufua uchumi. Mimi si msomi wa uchumi. Nina hili moja tu, na wallahi sijalitia chumvi.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa supavaiza kiwanda cha mashati, Changamwe. Hali ilikuwa mbaya, wiki nyingine tunafanya kazi siku tatu.

Siku moja bosi akatukusanya. Serikali itamrudishia kodi ya vitambaa vyote anavyoagiza, mradi mashati yauzwe ng'ambo. "Leteni ndugu zenu," akasema. "Kazi ipo."

Nikavuka feri hadi kwa wakwe zangu, Likoni. Shemeji yangu Bakari alikuwa akifanya kazi kwa fundi seremala, mkono wake mzuri sana. Nikambembeleza baba mkwe amwachilie. Nikasema serikali yenyewe imeingia, hapa hapaharibiki kitu.

(Nilijiona mtu mkubwa siku ile. Hata kanzu nilivaa ile ya Idi.)

Bakari akaja, akawekwa kwenye kushona vifungo vya mashati. Mashati yakatoka kweli, makontena kwa makontena kwenda bandarini Kipevu.

Kodi ikarudishwa. Bosi akanunua mashine za kutia vifungo.

Vijana wa vifungo wote wakaachishwa. Nilipomfuata bosi ofisini, hakukasirika hata kidogo. "Nimerudishiwa kodi niuze nje, na nauza. Nani aliniambia niajiri?"

Mimi nikabaki. Mashine zilihitaji supavaiza.

Nilikaa wiki kadhaa siendi Likoni. Mke wangu hakunisema, lakini chai alikuwa akiiweka mezani na kuondoka.

Mwisho nikaenda. Baba mkwe akanipokea vizuri mno, wali ukaletwa. Kisha akainamisha kichwa.

"Mwanangu, utuwie radhi. Bakari ametuaibisha. Umemtafutia kazi, yeye anatwambia imemchosha, ameiacha."

Bakari alikuwa amekaa mlangoni. Hakuniangalia.

Nikarudisha tonge sahanini. Kijana amebeba lawama ili mimi nisivunjiwe heshima kwa wakwe!

"Baba, hakuiacha. Ameachishwa. Mimi ndiye niliyeahidi nisichokijua."

Mzee akainua kichwa.

"Na wewe ungaliko kazini?"

"Niko, baba."

"Alhamdulillah. Kula basi, wali unapoa."

Wakuu, angenitukana ningepumua. Nilikula wali ule wote, jasho linanitoka.

Yule seremala alikuwa keshachukua mtu mwingine. Bakari alihangaika na vibarua muda mrefu kabla hajashika randa tena.

Funzo langu: kiwanda kilipona, hilo siwezi kulikana, na mimi nilikula kwacho miaka. Lakini kodi inarudi kwa aliyeilipa. Kama hakuna sharti la ajira, yeye atafanya linalomfaa, na wewe uliyewaapia watu ndiye utakayeketi mbele yao.

Mliokuwa viwandani zama zile, kwenu ilikuwaje? Semeni, hata kama ni kunipinga.